Opresheni ya kupunguza mfuko wa chakula, ni kweli inatibu sukari au inapunguza unene tu? Nishaurini kabla hatujauza kiwanja

BintiWaIpagala

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni. Mnivumilie maana nitaandika ndefu kidogo. Nipo hapa Dodoma, Ipagala, nina miaka 41, mtumishi wa umma, kazi yangu ni ya kukaa mezani kule Mtumba asubuhi mpaka jioni. Nina sukari aina ya pili, mwaka wa nne huu. Urefu wangu sentimita 162, uzito kilo 108. Nameza metfomini asubuhi na jioni pamoja na glibenklamaidi, na bado kile kipimo cha miezi mitatu, HbA1c, mara ya mwisho kimesoma 9.4. Dokta kaniambia nikirudi na namba kama hii ananianzishia insulini.

Sindano yenyewe siiogopi jamani, nachoogopa ni njia ninayoiona mbele. Baba yetu alianza hivi hivi, vidonge, baadae sindano, baadae kidonda kidogo tu cha kiatu kwenye kidole gumba, mwisho mguu ukakatwa chini ya goti. Mimi ndo nilikuwa namfungua bandeji na kumfunga. Kwa hiyo mtu akiniambia sukari ni ya kuzoea tu, namuitikia lakini moyoni sipo hapo.

Sasa wifi yangu wa Dar ndo kaniletea hii habari, anasema kuna mama wa kanisani kwao alienda India akapunguzwa mfuko wa chakula, amerudi na vidonge vya sukari kaacha kabisa. Mume wangu kalibeba hili jambo kwa uzito, anasema tuuze kile kiwanja cha Nzuguni niende. Shangazi yangu wa Mpwapwa kasikia, kapiga simu usiku analia, kwamba tumbo zima ulilopewa na Mungu unalikata kwa ajili ya unene, si ufunge mdomo tu.

Naomba anayejua kwa uhakika aniambie, hii kitu inatibu SUKARI au inapunguza mwili tu halafu na sukari inafuatia kidogo? Na ikirudi je? Na nikishafanya nitakula nini maisha yangu yote?

---

Zabibu_Hombolo

Dada pole sana. Ushauri wangu usiuze kiwanja. Tafuta unga wa mlonge, mdalasini na mbegu za uwatu, kunywa asubuhi kabla hujala chochote, acha ugali wa sembe hamia uwele na mtama kama walivyokula babu zetu huku Ugogoni. Mimi mama mkwe wangu sukari yake imeshuka kwa njia hiyo. Hospitali watakupasua halafu watakwambia uendelee na dawa.

---

Nesi_KandaYaKati

@Zabibu_Hombolo mkuu uwele na mtama nakuunga mkono, vina nyuzinyuzi kuliko sembe la kukoboa, ila hata ugali wa uwele ukiupakua mlima sukari inapanda tu. Mlonge sina ugomvi nao kama mboga. Lakini mtu mwenye HbA1c ya 9.4 ambaye baba yake alikatwa mguu, tusimwambie aweke matumaini yake kwenye unga.

@BintiWaIpagala sasa nije kwako. Mimi nipo kliniki ya magonjwa sugu, sio daktari bingwa, ila haya mambo nayafuatilia kwa sababu wagonjwa wengi nawaona wanaishia kule ulikosema kwa mzee.

Jibu la swali lako la kwanza: inatibu sukari yenyewe, na hilo ndo liliwashangaza hata madaktari. Waliona mgonjwa amefanyiwa baipasi (aina mojawapo ya opresheni hii, nitaifafanua hapo chini), siku chache baadae sukari imeshuka kiasi kwamba insulini inapunguzwa au inaachwa, wakati kilo bado ziko pale pale. Kwa hiyo haiwezi kuwa ni unene tu. Sababu ziko mbili tatu zinazofanya kazi pamoja. Moja, chakula kinapungua ghafla, mafuta yaliyojaa kwenye ini yanaanza kuyeyuka ndani ya siku chache, na ini likipungua mafuta linaacha kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha, ile ambayo unaamka asubuhi hujala kitu na kipimo kinasoma 11. Pili, chakula kikifika haraka kwenye utumbo mwembamba wa chini, utumbo unatoa kwa wingi homoni inaitwa GLP-1, hiyo ndo inaliambia kongosho litoe insulini, na inaiambia akili umeshiba. Tatu, kwenye ile opresheni ya slivu wanaondoa sehemu ya juu ya mfuko ambako ndiko inakotengenezwa zaidi homoni ya njaa, ghrelini.

Nifafanue aina zenyewe maana watu wanachanganya. Slivu wanakata na kutoa kama robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, kinabaki kimrija kama ndizi, utumbo hauguswi, na kilichokatwa hakirudi. Baipasi wanatengeneza kimfuko kidogo sana juu, cha kama mililita 30, halafu wanakiunganisha na utumbo mwembamba wa mbele, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Zote siku hizi zinafanywa kwa matundu madogo, sio kupasua tumbo zima kama shangazi anavyofikiria, ila ni nusu kaputi na ni opresheni kubwa, tusiidharau. Kufyonza mafuta ya kitambi ni kitu kingine kabisa na HAKUTIBU sukari, hilo lilishapimwa, watu walitolewa kilo kadhaa za mafuta chini ya ngozi na insulini yao ikabaki kufanya kazi vile vile. Kuna watu wanatapeliwa hapo, angalia sana.

Vigezo: mwaka 2016 mashirika zaidi ya 45 ya dunia ya kisukari na upasuaji, shirikisho la kimataifa la kisukari likiwemo, yalikubaliana kwamba upasuaji uwe sehemu ya matibabu ya sukari aina ya pili. Mwenye BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganisha na urefu, ya 40 kwenda juu anashauriwa hata kama sukari yake imetulia, mwenye 35 mpaka 39 anashauriwa kama sukari imegoma, na wa 30 mpaka 34 ambaye dawa zimegoma anaweza kufikiriwa. Yako nimepiga hapa, 108 gawanya kwa 1.62 mara 1.62, inakuja 41. Kwa hiyo kwa vigezo unaingia, usimsikilize mtu anayekwambia unataka urembo.

---

Mnyaturu_wa_Mjini

Mimi nimefanyiwa, slivu, India, sasa hivi nipo Singida na naomba nikwambie dada kutoka ndani ya mwili maana wengi watakuhadithia.

Nilikuwa na sukari miaka mitatu, vidonge bila insulini. Nilitoka hospitali kule metfomini tu nusu ya dozi, baadae ikatolewa nayo, na mpaka leo HbA1c yangu inacheza 5.8, 5.9. Nashukuru Mungu sana. Lakini wanaokwambia unalala unaamka umepona hawajakwambia kilichopo katikati.

Wiki za kwanza ni vimiminika tu. Supu ya kuku wa kienyeji iliyochujwa mpaka haina hata nyuzi ya nyama, unakunywa kwa kijiko cha chai, kijiko kimoja unasubiri, kingine unasubiri, kikombe kidogo cha kahawa kinaisha kwa nusu saa. Halafu unaingia vya kusaga, halafu laini, ndo baadae chakula cha kawaida. Ukienda haraka kinakwama hapa kifuani unasikia kama umemeza jiwe mpaka ukitapike. Mpaka leo sinywi maji na chakula pamoja, nasubiri kama nusu saa. Protini ndo kwanza kwenye sahani, yai, samaki, kuku, maharage, halafu mboga, ugali mwishoni na mara nyingi sifiki kwenye ugali. Mlenda unapita vizuri sana, ila ule mlenda na ugali mkubwa wa kumega tonge zito sahau.

Nywele zilinitoka miezi ya mwanzo, nilifunga kilemba kila siku, baadae zikarudi. Kiungulia nilikipata na bado ninacho, namezea dawa. Kama wewe tayari una kiungulia kikali mwambie daktari mapema maana wengine wanashauriwa baipasi badala ya slivu kwa sababu hiyo.

Halafu vitamini. Hili naliandika kwa msisitizo, VITAMINI NI MAISHA YAKO YOTE. Madini ya chuma, B12, kalisiamu, vitamini D. Sio mwezi mmoja mitatu ukaacha kwa sababu unajisikia vizuri. B12 ikiisha ganzi inaingia miguuni na utadhani ni sukari imerudi. Kabla hujaondoka hakikisha unajua utazipata wapi hapa nchini na kwa bei gani, weka kwenye hesabu pamoja na nauli.

Na dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni hizi tunazopewa kila duka la dawa, mimi nimekatazwa, na kwa aliyefanya baipasi ndo kabisa, zinatoboa vidonda pale kwenye kiungio. Kila nikienda duka la dawa nasema kwanza kabla sijasema naumwa wapi.

Kingine ni watu. Ukienda msibani au harusini sahani yako itaangaliwa. Watasema umeathirika, watasema unaringa, mama mkubwa wangu alilia kwamba namdharau kwa kutokula pilau lake. Mwenzi wako akiwa na wewe kama huyo mumeo anavyoonekana, umeshapata nusu ya dawa.

---

Kibaigwa_Stendi

Wakuu mimi naleta upande mwingine ili dada asiuze kiwanja akiwa ameona upande mmoja. Baba yangu mdogo alifanyiwa baipasi nje, alikuwa na sukari miaka 17, na insulini kama miaka tisa hivi. Kilo zilishuka vizuri, presha ilishuka, magoti yaliacha kuuma anatembea mwenyewe mpaka sokoni. Lakini sukari haikuisha. Ilipungua, insulini akabaki anachoma kidogo usiku tu badala ya mara nne kwa siku, ila aliyemwambia atapona alimpa matumaini ambayo hayakuwepo. Alikata tamaa akaacha kwenda kliniki muda mrefu, macho ndo yakamkumbusha. Hapo ndo pananiuma, maana opresheni ilimsaidia kweli, ila kwa kuwa haikuwa kile alichoahidiwa aliiona imeshindwa.

Sasa swali kwa nesi, hii ya baba mdogo ni bahati mbaya au ndo ilivyo?

---

Nesi_KandaYaKati

@Kibaigwa_Stendi ndivyo ilivyo, na asante sana kwa kuleta hii maana ingekuwa haijasemwa ningesema mimi. Kongosho la mtu mwenye sukari ya muda mrefu ni kama punda aliyebebeshwa madumu kuliko uwezo wake, ukimshusha mzigo mapema anainuka, ukichelewa sana magoti yameshakwisha. Miaka michache tangu ugonjwa uanze, bila insulini, nafasi ni kubwa. Miaka kumi na kitu na insulini juu, sukari inatulia ila kuisha ni kwa wachache.

Na hata kwa wanaopona nafasi inapungua kadiri miaka inavyokwenda. Sweden walifuatilia watu waliofanyiwa kwa muda mrefu sana: baada ya miaka 2 kwenye kila 100 waliokuwa na sukari, 72 haikuwepo tena, baada ya miaka 15 wakabaki kama 30. Waliotibiwa kawaida baada ya miaka hiyo 15 walikuwa kama 6 au 7 tu. Marekani kule Cleveland nao walichukua wagonjwa 150, wakawagawa, baipasi, slivu, na dawa peke yake. Baada ya miaka 5 waliofikisha HbA1c ya 6.0 au chini yake walikuwa kama 29 kwa mia kwenye baipasi, 23 kwenye slivu, na 5 kwenye dawa peke yake. Sasa hizo namba mtu anaweza kuziona ndogo, ila angalia na wale ambao sukari ilirudi, wengi inarudi ikiwa nyepesi, dawa chache, na ile miaka ambayo damu ilikuwa safi haipotei bure kwa macho na figo na hiyo miguu tunayoiongelea. Ndo maana wataalamu hawasemi kupona, wanasema sukari imelala, kwa maana ya HbA1c chini ya 6.5 kwa miezi mitatu au zaidi bila dawa yoyote ya sukari, na kipimo unarudia kila mwaka hata ukiwa mzima kiasi gani.

---

Mpigadebe_Sabasaba

Samahani naingilia, kwani lazima kupasuliwa? Nimesikia hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka puto tumboni. Na hizi sindano za Ozempic je? Na kuna jamaa angu kaacha kula kabisa anakunywa maziwa ya unga tu sukari imeshuka.

---

Nesi_KandaYaKati

Mkuu umeuliza vitatu vyote vya maana. Puto ni kweli Mloganzila wanaweka, linaingizwa kwa mdomo halijapasua kitu, linakaa kwa muda, mara nyingi miezi sita mpaka mwaka, halafu linatolewa. Linapunguza kilo, ila likitoka mfuko umebaki ule ule na homoni zile zile, kwa sukari sio sawa na slivu au baipasi, usiliweke kapu moja. Sindano za Ozempic ni dawa inayoiga ile ile GLP-1 niliyoitaja, inashusha sukari na uzito vizuri, shida ni gharama ya kila mwezi na ukiacha uzito mwingi unarudi. Na zinunuliwe kwa cheti sehemu inayoeleweka maana feki zimejaa duniani.

Hiyo ya maziwa, jamaa ako huenda amesikia utafiti wa Uingereza wa profesa Roy Taylor na mwenzake Mike Lean, ulitoka 2017. Walichukua watu wenye sukari isiyozidi miaka 6 ambao hawako kwenye insulini, wakawapa vinywaji maalum vya kama kalori 850 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano, chini ya usimamizi, dawa za sukari wakazisimamisha siku ya kwanza. Baada ya mwaka karibu nusu yao, 46 kwa mia, sukari ililala. Na waliopungua kilo 15 au zaidi ilikuwa 86 kwa mia. @BintiWaIpagala hii inakuhusu moja kwa moja kwa sababu wewe una miaka minne na hujaanza insulini. Sikwambii uache wazo la opresheni, kwa BMI ya 41 watu wengi hawawezi kuzishikilia kilo chini kwa mlo peke yake na sio kwamba ni walafi, mwili wenyewe unapigana kuzirudisha. Nakwambia mlango huu nao upo, uugonge na daktari, SIO mwenyewe nyumbani.

---

BintiWaIpagala

Jamani nimesoma yote mara mbili, mume wangu nae kasoma, Mungu awabariki. @Mnyaturu_wa_Mjini nimekuelewa sana hasa ya vitamini, hakuna aliyewahi kunitajia. @Kibaigwa_Stendi mpe pole baba mdogo.

Tumeamua kiwanja kisiuzwe kwanza. Nitaanzia hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma nionane na bingwa, halafu Dar, treni siku hizi asubuhi unaenda unarudi jioni. India iwe ya mwisho baada ya kuambiwa huku. Ila nimebaki na mawili. Bado natamani mtoto mmoja, hii itazuia? Na nesi, niende na maswali gani nisije nikafika mbele ya dokta nikasahau yote. Na hizi dawa nilizonazo je, maana nimeanza kupunguza chakula tangu juzi nilivyosoma hapa.

---

Mnyaturu_wa_Mjini

Mtoto haizuii dada, tena wengi wanashika haraka kuliko mwanzo, ndo maana mimi niliambiwa nizuie mimba mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu kwanza, uzito utulie na damu ijae. Na ukifanya baipasi usitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, mwili unaweza usivinyonye sawasawa, ongea nao kuhusu kipandikizi au kitanzi. Kwa umri wetu huu waambie mapema kabisa kwamba unataka mtoto, wapange na hilo.

---

Nesi_KandaYaKati

Maswali yako haya hapa. Waulize kama ni aina ya pili kweli, kuna watu wazima wanaitwa aina ya pili kumbe kongosho linaharibiwa na kinga ya mwili, hao opresheni haiwasaidii sukari, kuna kipimo cha C-peptaidi kinachoonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani. Omba wakuangalie macho KABLA, sukari ikishuka ghafla kutoka juu macho yenye shida yanaweza kuchafuka zaidi. Wakuingize kamera tumboni waangalie vidonda na wale bakteria wa vidonda vya tumbo, huku kwetu wengi tunao. Uliza daktari mwenyewe amefanya wangapi, nani atakushika mshono wa tumboni ukivuja au damu ikiganda mguuni siku ya tano, na kama ni nje ya nchi, nani atakupokea ukirudi Dodoma, jina na namba. Hatari ya kufa kwenye vituo vyenye uzoefu ni ndogo, chini ya mtu mmoja kwa mia, karibu na ile ya kutoa nyongo, lakini ni kwa vituo vyenye uzoefu. Gharama na bima majibu uyapate kwa maandishi.

Sasa hilo la mwisho dada yangu nisikilize leo leo. Umepunguza chakula na bado unameza glibenklamaidi dozi ile ile, hiyo dawa inalikamua kongosho hata kama hujala, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka ofisini. Usiiache mwenyewe pia. Leo pima kabla ya kula na usiku, na ukisikia unatetemeka, jasho la baridi, moyo unaenda mbio, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya sukari hapo hapo, pima tena baada ya dakika 15, halafu kula. Kesho asubuhi nenda kliniki yako kabla ya kwenda kazini, uwaambie umebadilisha mlo wakupangie dozi upya. Ukitoka huko niandikie inbox waliyokwambia.

---

BintiWaIpagala

Nimepima sasa hivi nesi, 4.6 na kweli tangu mchana nilikuwa nasikia kutetemeka nikadhani ni uchovu. Nakula sasa. Kesho saa moja nipo kliniki.